Kile Kiti Kimoja cha Mbulu: Maswali Yenu Kuhusu Jimbo Lililomkataa Mgombea wa TANU 1960

Toleo lililopita tuliandika mistari miwili tu kwamba kwenye uchaguzi wa 1960 wa Tanganyika TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, tukaishia hapo. Hatukusema kile kimoja kilienda wapi. Basi meseji zimeingia mpaka tumeamua safu nzima ya mwezi huu iwe ya hicho kiti kimoja, mana ni kiti cha Mbulu, na historia ya jimbo lile mimi naipenda sana, ni historia ya wakulima na wafugaji wa milimani ambao zaidi ya mara moja wameletewa jina na wakubwa wakasema hapana, tunamtaka yule pale. Tuanze.

Mimi ni kijana wa Dongobesh, sa hivi nipo chuo Dodoma. Babu anasema Mbulu tuliwahi kuishinda TANU wakati Nyerere yupo juu kabisa. Wenzangu hosteli wanasema naongopa. Ni kweli au ni stori za wazee?

Babu yako hajakudanganya, ila kuna kitu kimoja inabidi ukiweke sawa kabla hujarudi hosteli kubishana.

Uchaguzi wenyewe ulifanyika tarehe 30 Agosti 1960, wakati huo Tanganyika bado iko chini ya Waingereza lakini kila mtu anajua uhuru uko karibu. Viti vilikuwa 71, 50 viko wazi kwa mtu yeyote, 11 vya Waasia na 10 vya Wazungu. TANU ilikuwa na nguvu ambayo leo ni ngumu hata kuielezea, yaani viti 58 vilipita bila kupingwa, hakuna aliyejitokeza kusimama. Zikabaki sehemu 13 tu ambako watu walipanga foleni kupiga kura. ANC, chama cha Zuberi Mtemvu aliyejitoa TANU, haikuambulia hata kiti kimoja. Sasa kwenye hizo sehemu 13 ndo ikawemo Mbulu, na Mbulu ndo pekee ambako aliyetangazwa mshindi hakuwa yule wa TANU.

TANU ilikuwa imemsimamisha Chifu Amri Dodo, mtu mwenye jina kubwa. Herman Sarwatt akachukua fomu akasimama kama mgombea binafsi. Akashinda.

Hapa ndo pa kuweka sawa: Sarwatt alikuwa mwana-TANU. Hakuwa mtu wa Mtemvu, hakuwa mtu wa Wakoloni, hakuwa anapinga uhuru, na aliposhinda hakwenda kukaa Baraza la Kutunga Sheria kama adui wa Nyerere. Kwa hiyo wenzako wa hosteli waambie hivi, Mbulu hawakuikataa TANU, walikataa jina walilopelekewa na TANU. Ni vitu viwili tofauti kabisa na watu wengi wanaoandika historia ya nchi hii wanavichanganya, au wanaandika tu 'mgombea binafsi 1' kwenye jedwali halafu wanapita, kama vile hakuna watu wilaya nzima waliokaa wakafikiria.

Na wakumbuke pia nani alikuwa anaruhusiwa kupiga kura. Haikuwa kila mtu mzima. Ilibidi ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au uwe na kipato cha pauni 75 kwa mwaka, au uwe na wadhifa fulani. Na hiyo ni baada ya kulegezwa, mana kwenye ule uchaguzi wa kwanza wa 1958 na 1959 kipato kilichotakiwa kilikuwa pauni 150, mkulima wa mahindi wa Kainam angeitoa wapi pauni 150? Kwa hiyo waliomchagua Sarwatt ni walimu, makarani, watu wa misheni, wenye mifugo mingi, wazee wenye vyeo, waliojifunza kusoma juzi juzi. Hao ndo waliokuwa na daftari la kura mkononi, na hao ndo walioamua.

Shikamoo mhariri. Mimi ni mama wa Magugu. Kwenye uchaguzi wa 1958 huku kwetu alichaguliwa nani? Nimesikia kulikuwa na mama wa Kihindi.

Marahaba mama. Ni kweli kabisa, na naye anastahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa.

Mwaka 1958 hakukuwa na jimbo la Mbulu. Jimbo lilikuwa Mkoa wa Kaskazini mzima, kuanzia Kilimanjaro mpaka huko kwenu Bonde la Ufa, na utaratibu ulikuwa ule wa kura tatu: mpiga kura mmoja anapiga kura tatu, moja ya Mwafrika, moja ya Mzungu, moja ya Mwasia, usipopiga zote tatu kura yako inaharibika. TANU waligombana sana kuhusu hilo, Januari 1958 wakakutana Tabora, wengine wanataka wasusie, Mwalimu akawashawishi waingie, na Mtemvu ndo hapo akaondoka. Ule mkutano mpaka leo unaitwa Uamuzi wa Busara.

Kaskazini walichaguliwa Solomon Eliufoo, Derek Bryceson na Sophia Mustafa, ambaye ndo huyo mama unayemsikia. Alikuwa anaishi Arusha, mama wa familia, na alizunguka kwenye kampeni za barabara za vumbi wakati ambao mwanamke kusimama jukwaani lilikuwa jambo la kushangaza hata mjini. Mimi nikifikiria mwanamke aliyekuja akiwa mtu mzima kwenye nchi isiyo ya kwao, anasimama mbele ya Wachaga na Wamaasai na Wairaqw anaomba kura, na anazipata, naona wasichana wa Babati na Mbulu walitakiwa wamsome shuleni.

Nasoma hapa mnasema Mbulu Mbulu. Sisi wa Karatu tulikuwa wapi? Au historia yetu inaanzia 1995? — Mzee wa Karatu

Shikamoo mzee wangu. Hapana, mlikuwemo, mlikuwa ndani ya hiyo hiyo Mbulu.

Hili ni muhimu mana mtu wa leo akisikia Mbulu anafikiria ule mji wa baridi juu kule wenye boma la Mjerumani. Mbulu ya 1960 ilikuwa wilaya kubwa mno. Karatu ilikuwa ndani, Babati ndani, Katesh na mlima Hanang wote ndani, Haydom ndani, mpaka Yaeda Chini kwa Wahadzabe. Wairaqw ndo wengi, halafu Wagorowa upande wa Babati, Wambugwe kule Magugu, Wadatoga kwenye nyanda za Hanang, na wengine. Lugha zenyewe hazifanani hata kidogo, Kiiraqw na Kigorowa ni ndugu, lakini Kidatoga ni kingine kabisa, Kimbugwe ni cha Kibantu, na Kihadza hakina ndugu hata mmoja anayejulikana. Sasa wewe chukua eneo lote hilo uliambie lina kiti kimoja, chama kikae kiseme kiti hicho ni cha fulani. Lazima kuna watu watasema sisi mbona hatukuulizwa. Mimi naamini mzizi wa kilichotokea 1960 uko hapo hapo, kwenye ukubwa wa jimbo na namna jina lilivyopatikana, zaidi ya ubaya au uzuri wa mtu mmoja mmoja.

Baadaye wilaya ikaanza kukatwa. Hanang ikatoka kwanza, Babati nayo ikaja kutoka Hanang, Karatu ikatoka miaka ya 1990. Mwaka 2002 ukaanzishwa Mkoa wa Manyara makao makuu Babati, Mbulu ikaenda Manyara, nyie Karatu mkabaki Arusha. Kwa hiyo leo familia moja ya Kiiraqw kaka anaishi mkoa mmoja, dada mkoa mwingine, mashamba yanaonana. Eneo la kile kiti kimoja cha Sarwatt lilipofika uchaguzi wa 2015 lilikuwa na majimbo 6: Karatu, Mbulu Mjini, Mbulu Vijijini, Hanang, Babati Mjini na Babati Vijijini. Historia yenu mzee haianzii 1995. Ila 1995 mlifanya jambo, tutalifikia.

Mama mkwe wangu kila ukifika uchaguzi anasema "sisi tulichagua jembe na nyumba". Hivi vilikuwa vyama? Nimeona aibu kumuuliza. — Babati

Usione aibu, muulize, atafurahi sana. Havikuwa vyama, zilikuwa alama za wagombea.

Baada ya uhuru nchi ilielekea chama kimoja, na 1965 ikawekwa kwenye katiba. Swali likawa, kama chama ni kimoja na mgombea ni mmoja, mwananchi anachagua nini sasa? Rais akaunda tume Januari 1964, mwenyekiti Rashidi Kawawa, na ilichokuja nacho ni hiki: kila jimbo TANU isimamishe watu wawili, wote wa TANU, wananchi wachague mmoja. Mkutano wa wilaya unapiga kura za kupendekeza majina, yanapelekwa Halmashauri Kuu ya Taifa, inarudisha mawili. Mmoja anapewa jembe, mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweke alama yake bila kumuuliza mtu.

Na sheria za kampeni zilikuwa kali, mimi binafsi zinanivutia kuliko hizi za sasa. Wagombea wote wawili wanasafiri pamoja, wanasimama jukwaa moja, mkutano mmoja, wanasikilizwa na watu wale wale. Huruhusiwi kutaja kabila wala dini. Huruhusiwi kusema Mwalimu ananitaka mimi. Huruhusiwi kuhutubia kwa kilugha, ni Kiswahili tu. Sasa fikiria hilo la mwisho lilivyokuwa kwa Mbulu ya mwaka 1965, bibi wa kijijini anayeongea Kiiraqw peke yake amekaa chini ya mti anasikiliza watoto wawili wa kwao, wote anawajua, wote wanajua Kiiraqw, wanamhutubia kwa Kiswahili. Nia ilikuwa njema, ya kuunganisha nchi, lakini kuna watu waliachwa nyuma siku ile na lazima tuseme.

Zikaja na nadharia za jembe na nyumba pia. Mwenye jembe anasema bila jembe huli, mwenye nyumba anasema ukishalima utalala wapi, na ikabidi wakubwa wakemee mana alama ilikuwa inageuka sera.

Matokeo yenyewe yalitikisa. Mawaziri 2 na manaibu 6 waliangushwa mwaka ule, na mmojawapo ni Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu mzito kabisa wa Usukuma. Yaani nchi nzima ilipopewa nafasi ya kukataa jina bila kuikataa TANU, ikaitumia, kama ambavyo Mbulu ilishaitumia 1960 kabla haijapewa. Mbulu walitangulia kwa miaka mitano.

Karatu ilikuwaje ikawa ngome ya Chadema wakati majirani wote ni CCM? Nauliza bila ushabiki, mimi ni dereva wa watalii napita hapo kila siku.

Ndugu dereva, nitakujibu bila ushabiki pia.

Vyama vingi vilirudi 1992. Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi ikakuta kama asilimia 80 ya waliohojiwa wanataka chama kimoja kiendelee, asilimia 20 wanataka vingi, na bado ikapendekeza vingi, mana 20 nao ni watu. Uchaguzi wa kwanza ukawa 1995. Karatu alikuwepo Dk. Willibrod Slaa, mzaliwa wa Kwermusl huko huko Mbulu, aliyekuwa padri na Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu. Aliomba CCM, jina lake likakatwa. Akahamia Chadema, chama ambacho wakati huo vijijini hakina ofisi wala kadi za kutosha, akagombea, watu wakamfuata yeye.

Umeona kinachojirudia? Mwaka 1960 Sarwatt hakupewa na TANU akasimama mwenyewe akashinda. Mwaka 1995 Slaa hakupewa na CCM, ila yeye hakuweza kusimama mwenyewe kwa sababu ambazo nitamjibu msomaji mwingine hapo chini, ikabidi atafute chama cha kumbeba. Miaka 35 katikati, watoto wa waliopiga kura ya kwanza wakapiga ya pili, ardhi ile ile. Sisemi ni damu, watu wa kule si tofauti na watu wengine. Nasema kama mtu anakubalika kwa majirani zake halafu wakubwa wanamkata bila maelezo, majirani hawasahau mpaka siku ya kura.

Slaa akakaa Karatu mpaka 2010 alipogombea urais. Kiti kikaenda kwa Mchungaji Israel Natse, bado Chadema, 2015 kikaenda kwa Willy Qambalo, bado Chadema. Miaka 25 mfululizo kwenye jimbo la vijijini, siyo Dar, siyo Moshi mjini, bali jimbo la wakulima wa vitunguu vya Mang'ola na ngano na kahawa. 2020 CCM ikakichukua kwa Daniel Awack, kwenye uchaguzi ambao wapinzani karibu wote nchi nzima waliondoka bungeni na wakaulalamikia sana.

Na majirani hawakuwa CCM muda wote kama unavyodhani. Mbulu yenyewe Philip Marmo alikaa tangu 1985, akawa waziri, mtu mkubwa serikalini, na 2010 akaangushwa na Mustapha Akunaay wa Chadema. Babati Mjini 2015 alishinda Pauline Gekul kwa Chadema, baadaye akahamia CCM. Hanang ndo ilitulia zaidi, Frederick Sumaye alikuwa mbunge wao na Waziri Mkuu kwa miaka 10 kuanzia 1995, nadhani ni ngumu jimbo kumuacha Waziri Mkuu wake.

Kwa nini siku hizi mtu hawezi kusimama mwenyewe kama huyo Sarwatt? Hapa kijijini kwetu tuna mwalimu mstaafu kila mtu anamtaka ila hana chama na hataki. — Haydom

Swali lako limenigusa kuliko yote. Jibu fupi, Katiba inakataa. Ibara ya 67 inasema anayegombea ubunge lazima awe mwanachama na awe amependekezwa na chama cha siasa. Mwalimu wenu hata akipata sahihi za Haydom nzima, fomu haitapokelewa.

Jibu refu linaumiza. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda mahakamani 1993. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu akasema ndiyo, mwananchi ana haki ya kugombea bila chama. Watu wakafurahi, serikali ikapeleka muswada bungeni, Katiba ikabadilishwa kabla ya uchaguzi wa 1995, mlango ukafungwa tena. Ndo maana Slaa alihitaji Chadema. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyekuwa kiongozi wa TANU siku Sarwatt anashinda, hakukubaliana na kumzuia mgombea binafsi na alisema hadharani.

Mtikila hakuchoka. Akarudi, 2006 Mahakama Kuu, majaji watatu, wakampa tena. Serikali ikakata rufaa, Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hili si la mahakama, ni la Bunge na wananchi. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo kwa bahati iko Arusha, saa chache tu kutoka Mbulu. Tanganyika Law Society na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao wakafungua yao, zikaunganishwa. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ile ikaamua kwamba Tanzania inavunja haki kwa kuzuia mgombea binafsi na irekebishe. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba ilimuweka mgombea binafsi, Katiba Inayopendekezwa ya 2014 pia ikamuweka, lakini kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa na haijafanyika mpaka leo. Mtikila akafa kwa ajali ya gari Oktoba 2015 bila kuliona.

Kwa hiyo chini ya Waingereza, mwaka 1960, mtu wa Mbulu alikuwa na haki ambayo mjukuu wake hana. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta nikaiandika tena kwa sababu ni nzito, lakini ni hivyo. Haki ya kupiga kura imepanuka sana, leo kila mwenye miaka 18 anapiga, bibi yule asiyejua kusoma anapiga, na hilo ni jambo kubwa ambalo 1960 halikuwepo. Ila haki ya kusimama imebana. Chama kikimkataa mtu wenu, na vyama vingine hamvitaki, hamna pa kwenda.

Nani anaamua jimbo likatwe? Mbulu waligawanywaje Mjini na Vijijini? Na je kugawa kunasaidia barabara?

Anayegawa ni Tume ya Uchaguzi, kwa idhini ya Rais, na Katiba ibara ya 75 inaitaka ipitie mipaka ya majimbo angalau kila baada ya miaka 10. Inaangalia idadi ya watu, jiografia na mawasiliano. Maombi yanaanzia chini, kwenye halmashauri na vikao vya mkoa, kwa hiyo diwani wako ana sehemu yake. Mbulu ilipopata Halmashauri ya Mji, jimbo likafuata, na 2015 wakachaguliwa wawili, Zacharia Issaay Mjini na Flatei Massay Vijijini, wote CCM. Vijijini ndo imebeba Dongobesh, Haydom, Yaeda Chini.

Kuhusu barabara, nikwambie ukweli, kugawa jimbo kunaongeza mdomo bungeni, hakuongezi lami. Wote mnakumbuka Flatei alivyopiga sarakasi ndani ya Bunge, mtu mzima na suti yake, wakati wa bajeti ya Ujenzi na Uchukuzi, akidai barabara ya Mbulu kwenda Haydom. Kuna watu walicheka. Mimi sikucheka. Haydom kuna hospitali kubwa ya Walutheri iliyofunguliwa 1955 na Wanorwe, wagonjwa wanatoka Singida, Simiyu, Manyara yote, na mvua ikinyesha gari la wagonjwa linakwama kwenye tope, mama mjamzito ndani. Mbunge akifika hatua ya kubinuka sakafuni ujue ameshaongea kwa njia nyingine zote. Na ukiangalia upande wa pili, kushuka mlima Magara kwenda Mbuyu wa Mjerumani, unaelewa kwa nini watu wa Mbulu tangu enzi wanajiona wako juu peke yao na serikali iko chini huko bondeni.

Nafanya tasnifu kuhusu uchaguzi wa 1960 Mbulu. Nianzie wapi? — Mwanafunzi, Dar es Salaam

Anza na Nyaraka za Taifa hapo hapo Dar, uliza mafaili ya Mkoa wa Kaskazini na ya wilaya ya Mbulu ya miaka ya 1950 mpaka 1961, pamoja na Gazeti la Serikali la 1960 ambalo linatangaza wagombea na washindi. Kisha Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha East Africana, magazeti ya wakati ule yapo, tafuta Agosti na Septemba 1960.

Halafu panda basi uende Mbulu, na usichelewe. Aliyekuwa na miaka 21 mwaka 1960, ambao ndo umri wa kupiga kura wa wakati ule, leo amepita 85. Usiwaulize nani alishinda, hilo unalo tayari kwenye makaratasi. Waulize nani aliwapelekea habari kwamba Sarwatt anasimama mwenyewe, mikutano ilifanyika lugha gani, watu wa misheni walisema nini, Wagorowa na Wadatoga walipiga upande gani na kwa nini, na je wazee wa kimila walikaa kikao kabla. Uliza pia walijisikiaje 1963 uchifu ulipofutwa nchi nzima, miaka mitatu tu baada ya kumwangusha chifu kwenye sanduku la kura. Waulize wanawake peke yao bila waume zao kuwepo, mana wengi hawakuandikishwa lakini walisikia yote jikoni. Nenda na mtu anayejua Kiiraqw vizuri, siyo wa kuokoteza stendi, na ukirekodi acha nakala kwa familia.

Ukimaliza tutumie hiyo kazi, tutaichapa humu kwa urefu wake.